Mke Hajui, Mume Hajui, Dalali Anajua

Ukitaka kujua kama mwanamume katoka kuona kiwanja, usimtazame usoni, mtazame pindo za suruali. Vishona nguo vya Mkuranga havitunzi siri. Vinamganda mtu tangu porini, vinapanda naye daladala, vinaingia naye chumbani, na Jumapili mama watoto akianza kufua anavichomoa kimoja kimoja huku akijiuliza hicho kikao cha Posta kilifanyikia kwenye majani gani. Msonyo unaofuata hapo unasikika mpaka nyumba ya tatu.

Kijiweni kwetu Mbagala habari hizi hazikauki. Tuna dalali aliyeligeuza benchi letu ofisi yake, fundi mwashi ambaye kila siku anamsubiri mteja "apate hela", mwalimu mstaafu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya minada, mzee wa kahawa, na dada wa mihogo ambaye haketi nasi lakini hakuna neno linalompita. Juzi dalali ndiye aliyechokoza.

"Nina mteja," akasema, "kanunua kwangu robo eka Kisemvule, kaniapisha nisimwambie mtu. Baada ya muda mkewe naye akanijia. Kanunua kulekule, kaniapisha vilevile, tena kaandikisha jina la mama yake mzazi. Sasa wamebakiza viwanja viwili tu wapakane, na nyumbani wanalala kitanda kimoja wakilalamikia kodi ya nyumba."

Benchi likacheka. Dada wa mihogo hakucheka. "Na wewe, kaka, cha juu umekula pande zote mbili." Dalali akainamia kikombe chake.

Mnacheka nini sasa? Zisikilizeni kwanza sababu wanazotoa watu wa namna hii. Mume anasema: mke wangu akijua atawaambia ndugu zake, akijua atataka tuhamie kabla hatujapaua, akijua, siku tukikosana atadai nusu. Mke anasema: akijua ataacha kutoa hela ya matumizi, akijua atakwenda kukiweka rehani, akijua atamjengea mwenzangu humo humo. Haya, katika sababu zote hizo, iko wapi inayohusu ardhi? Hakuna aliyeuliza kama maji yanatuama masika, kama eneo limepimwa, kama barabara iliyo kwenye mchoro ipo na ardhini. Mtu anatoa mamilioni aliyoyadunduliza miaka, na sharti lake la kwanza ni kiwanja kiwe upande ambao mwenzake hana sababu ya kupita. Tss! Hicho ni kichaka cha kujifichia, na tena cha bei kubwa.

Maana kiwanja cha siri kina tabia zake. Kiko mbali. Hakijengwi, kwa sababu ukijenga utaulizwa hela ya tofali imetoka wapi. Majirani hawakujui. Mjumbe aliyeshuhudia mauziano kastaafu au kafariki, na karatasi yenyewe iko kwenye droo ya ofisini chini ya makabrasha. Hivyo ndivyo viwanja vinavyouzwa mara mbili katika mji huu, kwa sababu tapeli hatafuti kiwanja chenye msingi, migomba na mama anayefagia asubuhi; anatafuta kile kilichonyamaza. Na siku mwenye siri akifariki, msimamizi wa mirathi ataorodhesha mahakamani mali zinazojulikana. Ile isiyojulikana inabaki kwa yule kijana aliyewekwa kuchunga mipaka, naye hana haraka ya kuja kuwatafuta warithi.

Wajanja wanasema wao wameandikisha jina la kaka. Kaka gani, huyu mwenye mke na watoto wanne? Kaka akitangulia, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake, na wifi yako aliyekuwa hajui kitu atafungua bahasha akute jina la mumewe limeandikwa kwa kalamu ya bluu na mhuri wa serikali ya mtaa juu yake. Wewe utasimama hapo useme nini? Kwamba mlielewana? Mlielewana wapi, mbele ya nani?

Fundi mwashi alikuwa kimya muda wote anasugua mwiko wake kwa mchanga. Akasema maneno ambayo tangu siku hiyo sijayaacha.

"Mimi nyumba za mji huu najua zinavyojengwa," akasema. "Zinajengwa na mifuko miwili. Mfuko wa baba unanunua saruji, nondo, bati. Mfuko wa mama unalisha watu mpaka bati lifike juu. Mchana ni yeye anayetuletea ugali na dagaa hapo saiti. Ada ya watoto yeye, luku yeye, maji ya madumu yeye. Tukikwama kwenye lenta, baba anakwenda kutembea, mama anakwenda kikoba kukopa. Nimeezeka nyumba ngapi kwa hela ya kikoba! Lakini siku wakigombana, baba anatoa bahasha ya kaki."

Hiyo bahasha wengi wetu tunaijua. Inakaa juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo za sikukuu. Ndani mna risiti ya nondo za milimita 12, risiti ya bati za geji 28, kikaratasi cha mwenye lori la mchanga chenye alama ya kidole cha mafuta, na hati ya mauziano iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Kila karatasi ina jina moja, la baba. Muuza mchicha hatoi risiti. Muuza dagaa hatoi. Kikoba kina daftari, lakini daftari linaonyesha mama alikopa na akalipa. Halionyeshi kwamba ile hela ilikwenda juu ya paa. Kwa hiyo ukimleta mtu mgeni mbele ya bahasha ile umwulize nyumba hii kaijenga nani, atakujibu bila kusita, na atakuwa amekosea.

Hapo mwalimu mstaafu akakunja gazeti. "Hilo lilishaamuliwa zamani," akasema. "Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma mume na mke kwa jitihada za pamoja. Swali likawa, mama wa nyumbani asiye na mshahara, jitihada yake ni ipi? Mahakama ikasema kupika, kufua, kulea, kuitunza nyumba, hizo nazo ni jitihada."

"Kwa hiyo Bi Hawa alipata nyumba?" dada wa mihogo akauliza, kisu kikiwa kimesimama hewani.

"Hakupata, dada yangu. Walisema mumewe alishampa hela aanzishe mradi wa familia, naye akaitapanya. Ikahesabiwa kwamba fungu lake kashalila."

Msonyo wa dada wa mihogo ulikuwa mrefu kuliko hukumu yenyewe. Lakini ukiacha machungu, hapo pana jambo la kujifunzia. Kanuni aliyoachiwa kila mke wa Tanzania tangu mwaka huo imepatikana kwa kesi ambayo mwenyewe aliyeifungua alitoka mikono mitupu. Na kilichompotezea ni hesabu ya mradi, hela ilivyoingia na ilivyotoka. Mahakama haikai jikoni kwako. Inasubiri uithibitishe.

Mzee wa kahawa hakuridhika. Yeye ni mtu wa dini na anaona haya yote ni mambo ya kuiga. "Kwetu sisi, mwanangu, mali ya mke ni ya mke na mali ya mume ni ya mume. Mke akifanya biashara faida ni yake, mume hana haki ya kuigusa. Kumlisha na kumvika ni wajibu wangu. Mume akifa, mke ana thumuni yake kama pana watoto, na robo kama hapana. Akiachika ana eda yake. Sasa nusu ya nyumba yangu inatoka wapi?"

Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Ila, mzee wangu, kwa heshima zote, ile sehemu ya kwanza ya hoja yako sisi wanaume tumeisahau, tukabaki na ya pili tu. Kama mali ya mke ni ya mke, basi hela yake ya kikoba iliyokaa kwenye lenta ni deni. Umemwandikia lini? Kama kulisha ni wajibu wako, kwa nini ugali wa mafundi ulitoka kwenye genge lake? Huwezi kumfanya mshirika siku ya kupaua kisha ukamfanya mgeni siku ya kugawana. Hata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeliona hilo: ardhi ikiwa kwa jina la mmoja, na mwenzake akachangia kwa kazi yake kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza, kazi hiyo inampa haki ndani ya ardhi hiyo.

Na vijana mnaojipiga kifua kwamba "mimi kiwanja nilinunua kabla sijaoa", tulieni kidogo. Kilichonunuliwa kabla ya ndoa kikiendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, kwa jitihada za mwenzako au zenu wote, sheria inakihesabu pamoja na mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kiwanja kilikuwa kitupu na vishona nguo vyako. Leo kina vyumba vinne na tenki la maji. Hivyo vyumba mlivijenga mkiwa wawili.

Haya, tuseme mmekubaliana, siri hakuna. Msidhani vita vimekwisha. Ndiyo kwanza vinaanza. Mke anataka nyumba ya kukaa, mume anataka fremu za biashara. Au kinyume chake, maana siku hizi nawaona akina mama ndio wenye hesabu kali. Tuchukue mfano wa hapa mtaani, tarakimu ni za kukisia tu. Nyumba ya familia ya vyumba vinne inakula milioni 40 na hairudishi hata mia, isipokuwa inawaondolea kodi. Kwa hela hiyo hiyo unapata banda la vyumba vinane vya kupangisha, kila kimoja 50,000 kwa mwezi, laki nne inaingia. Kama mnapanga kwa 200,000, mnalipa kodi yenu na laki mbili inabaki. Kwa karatasi, mume mwenye mpango wa vyumba vinane ameshinda asubuhi na mapema.

Lakini karatasi haina watoto. Karatasi haijui kuambiwa na mwenye nyumba kwamba watoto wako wanapiga kelele. Haijui kuhama na kabati kila baada ya mwaka, wala kulipa miezi sita mbele, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. (Dalali wetu hapo akakohoa.) Mama anayesema "nijengee hata chumba kimoja na sebule, sakafu ya saruji, nitatandika mkeka" hajashindwa kupiga hesabu. Anahesabu kitu ambacho mume hakukiweka kwenye karatasi. Mimi nikiulizwa nasema wajenge chumba na sebule uani kwanza wahamie, halafu mbele waweke fremu mbili, nyumba kubwa ingoje. Wengi wanafanya kinyume. Wanachimba msingi wa vyumba vitano na masta ya choo cha ndani, linakaa pagale miaka kumi na mpapai katikati ya sebule, watoto ambao vyumba vile vilichorwa kwa ajili yao wanamaliza shule na kuondoka.

Na hivyo vyumba vinane mnavyovisifu, ngoja niwaambie adui yake. Adui yake ni ndugu. Chumba cha kwanza anaingia mdogo wake mke aliyekuja kutafuta kazi, "kwa muda tu". Cha pili mpwa wa mume anayesoma chuo. Cha tatu shangazi aliyekuja hospitali, akapata nafuu, akapapenda mjini. Wapangaji wa kulipa wanabaki watano, na hao watano wanaona kabisa kwamba luku wanachangia wao na watazamaji wa televisheni ni watatu wa bure. Dalali anasema nyumba za namna hiyo anazijua kabla hajafika getini. Mpangaji mzuri hakai. Mume akitaka kumtoa shemeji, ndoa inatikisika. Mke akimgusa mpwa, ukoo mzima unapigiwa simu. Benki ingeuita huo mradi mbovu. Familia inauita ubinadamu, na siwezi kusema familia imekosea. Nasema tu waliopiga hesabu ya laki nne wangepiga ya laki mbili na nusu tangu mwanzo, wasingekwenda kukopa kwa kutegemea hela ya shangazi.

Kukopa ndiko kunakonifikisha kwenye uchafu ambao kijiwe kizima kinaujua na kinautazama tu. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi, haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Anayehofia anaweza kwenda kuweka zuio. Sheria ya Ardhi nayo inamtaka mkopeshaji ajiridhishe kama mkopaji ana mwenza na kama mwenza huyo karidhia. Vizuri sana. Sasa waswahili wakafanyaje? Wakaanza kukodi wake! Mwanamke anachukuliwa kutoka mtaa wa pili, anavishwa kitenge, anafundishwa majina ya watoto njiani, anapigwa picha pasipoti, anatia saini ya ridhaa mbele ya wakili, anapewa nauli na soda. Mke halisi yuko nyumbani anachambua mchele. Siku akisikia kipaza sauti cha dalali wa mnada kwenye kona ndiyo siku anayojua kwamba "aliridhia".

Mwalimu akatukumbusha kwamba kumdanganya mkopeshaji kuhusu mwenza wako ni kosa la jinai. Sawa. Lakini walioponzwa na mchezo huu si wake tu. Mnunuzi aliyetoa hela yake halali mnadani anaburutwa mahakamani miaka, nyumba hakai, hela hairudi. Ndiyo maana dalali wetu, pamoja na ulafi wake, siku hizi swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Anauliza, "Shemeji yuko wapi?" Akiambiwa shemeji kasafiri, biashara inalala. Akiambiwa "hatujafunga ndoa, tunaishi tu", anauliza mmeishi muda gani, kwa sababu kifungu cha 160 kinasema watu wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi hadi wakajulikana kama mume na mke, wanachukuliwa kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

Kuhusu nyumba za kijijini sitasema mengi, maana ukianza kumwambia mtu asijenge kwao utatukanwa. Nitasema moja. Wanaume wengi wanazika hela kwenye nyumba ya kijijini wakiamini huko ukoo ndio ngao, mke hana lake. Wamsome Holaria Pastory. Mwaka 1988 huko Kagera aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, akapata shilingi 300,000, mpwa wake akamshtaki kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hauzi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mila hiyo ni ya kibaguzi na inagongana na Katiba. Mwanamke auze kama mwanamume anavyouza. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 iliyopita, na bado kuna watu wanakuambia "kwetu haiwezekani".

Kwa hiyo nawe unayesoma hapa ukiwa na kiwanja, pagale au nyumba, ishushe hiyo bahasha juu ya kabati leo na utazame imeandikwa jina la nani. Likiwa moja tu, kifungu cha 60 kinaanza na dhana kwamba mali ni ya huyo mwenye jina, na mwenzake ndiye atakayebeba kazi ya kuthibitisha vinginevyo, yeye asiye na risiti ya mchicha. Yakiwa mawili, dhana inaanza kwamba haki zenu ni sawa. Hujachelewa kuandika la pili.